Runinga mbili, viongozi wawili: namna ya kufuata hesabu ya kura bila kuyumbishwa

Mwongozo huu ni wa Mkenya ambaye Agosti 2022 alifungua chaneli moja akakuta kiongozi wa kura za urais, akabadilisha akakuta kiongozi mwingine, na tangu siku hiyo hataki kusikia la mtangazaji wala la mhariri. Wateja wangu wengi wako hivyo. Nina saiba, duka la intaneti na kuprinti, hapa Umoja, Nairobi, katikati ya kinyozi na duka la gesi, na wiki ile niliprinti Fomu 34A, ile karatasi ya matokeo ya urais ya kituo kimoja cha kura, nyingi kuliko vyeti vya kodi vya KRA na barua za kuomba kazi. Watu walikuwa wanaingia na picha ya skrini kwenye simu na hasira usoni: "Madam, hebu nifungulie ile tovuti ya tume nijionee mwenyewe."

Hasira yao naielewa. Ila nimeona pia inakompeleka mtu. Akishasema habari zote ni uongo, haachi kutafuta habari. Anahamia kwenye sauti ya dakika nne aliyotumiwa na shemeji yake katika grupu ya familia. Sauti hiyo haina jina la msemaji, haina tarehe, na hakuna ofisi ya kwenda kuilalamikia. Afadhali runinga, ambayo angalau unajua mlango wake. Kwa hiyo nitakueleza ninavyofanya mimi, ili kufikia uchaguzi wa Agosti 10, 2027 uwe unajua cha kumwamini nacho mtangazaji na cha kumwekea alama ya kuuliza. Swali la "kituo gani kinasema ukweli" liweke kando. Swali ninalotumia mimi ni hili: karatasi iko wapi?

Kwanza jua 2022 kiliharibika nini

Kura zilipigwa Agosti 9. IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ilikuwa na vituo vya kupigia kura 46,229, na katika kila kimoja msimamizi alipiga picha ya Fomu 34A kwa KIEMS, kile kifaa cha kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, akaituma. Picha zikawekwa kwenye tovuti ya tume, wazi kwa yeyote mwenye bando. Jioni ya siku iliyofuata zaidi ya asilimia 90 ya fomu zilikuwa pale. Uwazi wa namna hiyo hatukuwa tumeuona katika uchaguzi wa urais uliotangulia. Lakini tume iliweka picha tu. Jumla ya urais haikuiweka. Hiyo ilingojewa Bomas, kituo cha taifa cha kujumlisha kura. Aliyetaka kujumlisha kabla ya hapo ilimbidi afungue picha moja baada ya nyingine na kuandika tarakimu kwa mkono wake.

Vyumba vya habari vikaketisha vijana kwenye kompyuta wakaanza kuandika, na hapo ndipo njia zilipoachana. Huyu alianza na fomu za huku, yule za kule. Sasa angalia kaunti zenyewe. Siaya, Homa Bay na Kisumu zilimpa Raila Odinga karibu kura zote. Bomet, Kericho na Elgeyo Marakwet zikamfanyia William Ruto vivyo hivyo. Ukitangulia kuandika fomu elfu mbili za upande mmoja, unaye kiongozi. Mwenzako akitangulia na za upande wa pili, naye anaye wake. Na wote wawili wamesoma karatasi halali za tume.

Halafu pengo la mwisho lenyewe lilikuwa jembamba. Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Igawanye kwa vituo 46,229 upate wastani: kura tano hivi kwa kila kituo. Tano! Kituo kimoja kina watu mia kadhaa kwenye foleni, na uchaguzi mzima ulikuwa unaning'inia kwa wastani wa watu watano. Hesabu ya nusu ya fomu, au hata ya robo tatu, haikuwa na uwezo wa kukuambia mshindi ni nani isipokuwa fomu hizo zimechaguliwa kwa uangalifu kutoka kila pembe ya nchi.

Ndiyo maana mimi siwaiti waongo. Nawalaumu kwa mambo mawili. La kwanza, walituwekea sura za wagombea na tarakimu kubwa kubwa, ilhali idadi ya fomu zilizohesabiwa, pale ilipowekwa, ilikuwa kwa herufi za kusomwa na mwenye miwani. Fomu hizo zilitoka kaunti gani, hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi kulipata. La pili ni kubwa kuliko la kwanza: katikati ya wiki vituo vya runinga vikapunguza kasi, vingine vikaacha kabisa kujumlisha, na mtazamaji hakuelezwa sababu kwa lugha iliyonyooka. Ukinyamazia watu wa Nairobi siku kama hizo, watajaza wenyewe. Hapa saiba, kabla ya saa sita mchana, nilikuwa nimesikia kwamba wamepigiwa simu, kwamba wamenunuliwa, na kwamba mwenye kituo ameona mtu wake anashindwa. Sababu tatu, zote zimezaliwa na kimya kimoja.

Matokeo yalitangazwa Agosti 15, makamishna wanne kati ya saba wakayakana, na Septemba 5 Mahakama ya Juu ikayaidhinisha. Kilichosaidia ni kwamba katika ukaguzi ulioamriwa na mahakama, fomu za kwenye tovuti zililinganishwa na zile za asili zilizofikishwa Bomas na haikuonekana tofauti ya maana. Yaani mtu aliyeshika karatasi tangu siku ya kwanza hakuhangaika.

Na tusijifanye kwamba shida ilianza 2022. Mwaka 2013 skrini ya Bomas ilionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000, na runinga zikazisoma hivyo hivyo kwa muda mrefu hadi tume yenyewe ilipokuja kusema kwamba programu ilikuwa inazizidisha mara nane. Mtu yeyote mwenye kalamu angeuliza: inakuwaje kila kituo kiharibu kura nyingi hivi? Mwaka 2017 tarakimu za urais zilipita kwenye skrini usiku kucha bila fomu zake, na kesi ilipofika kortini tume ikasema zile zilikuwa takwimu tu, hazikuwa matokeo. Septemba 1 uchaguzi ukafutwa. Wakati huo huo vyombo vyetu vya habari vilikuwa vimeshughulika na yule jamaa aliyepigwa picha kwenye foleni akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Wakenya wakavipachika jina la "githeri media", na mpaka leo halijabanduka.

Kusoma Fomu 34A

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu ukiweza hii moja mengine yote ni rahisi.

Fomu ni ukurasa mmoja. Juu kuna jina la kituo na nambari yake. Watu huruka nambari na kusoma jina la shule, na hilo ni kosa, kwa kuwa shule moja inaweza kuwa na mikondo mingi, kila darasa na sanduku lake na fomu yake. Nambari ina tarakimu 15: inaanza na kaunti, halafu eneobunge, wadi, mahali, na mwishoni kabisa mkondo. Nairobi ni 047. Sisi wa Umoja tuko Embakasi West, ambayo ni 286. Kibra ni 278, Kasarani 280, Mathare 290. Kwa hiyo ukiletewa picha ya fomu inayodaiwa ni ya Mathare na nambari inaanza na 047286, imalize hapo hapo.

Chini yake ni majina ya wagombea na kura zao. Mwaka 2022 walikuwa wanne. Kisha jumla ya kura halali. Kisha kisanduku cha waliosajiliwa katika kituo hicho, kura zilizokataliwa na zilizobishaniwa. Mwisho ni jina na sahihi ya msimamizi wa kituo, majina na sahihi za mawakala wa vyama, na nafasi ya msimamizi kuandika maoni.

Fundi mmoja wa viatu wa mtaa wetu, mzee anayesoma gazeti lote hadi matangazo ya vifo, alikuja na fomu ya darasa alilopigia kura. Alikuwa amekasirika. "Msichana wangu, hawa watu wamempunguzia mtu wetu kura sita. Tazama." Alikuwa ameisoma hivi: wa kwanza 231, wa pili 141, wa tatu 3, wa nne 1. Chini jumla imeandikwa 382. Ukijumlisha alivyosoma yeye unapata 376. Tukaikuza picha kwenye skrini kubwa. Ile tarakimu ya mwisho ya mgombea wa pili, aliyoisoma 1, ilikuwa 7 ya mtu aliyechoka, kichwa chake kifupi na hakuna mstari katikati. Ni 147. 231 na 147 na 3 na 1 ni 382, hesabu imekaa. Mzee aliitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Kumbe ni mwandiko." Nikamprintia nyingine iliyokuzwa.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza: jumlisha safu ya wagombea, ulinganishe na jumla iliyoandikwa. Jumla ndiyo shahidi wa tarakimu ambayo haisomeki. Na fikiria sasa yule kijana wa chumba cha habari, saa tisa usiku, amefungua fomu mia tatu, macho mekundu, anaona 141. Anaandika 141. Hakuna aliyempigia simu.

Kipimo cha pili ni dari. Sheria inasema kituo kimoja kisizidi wapiga kura 700. Ukiona picha ya mtaani inasema mgombea amepata 912 katika mkondo mmoja, hiyo si fomu ya hapa. Vilevile kura halali pamoja na zilizokataliwa haziwezi kupita waliosajiliwa. Zikipita, hapo una swali la kweli la kuuliza, na uulize kwa sauti.

Kipimo cha tatu ni sahihi. Hapa watu wengi huteleza. Wakala kukosa kusaini hakufanyi fomu kuwa batili peke yake. Anaweza kuwa aliondoka mapema, chama hakikumleta, au amegoma. Kinachotakiwa ni msimamizi aandike sababu. Kwa hiyo sehemu ya kusoma ni ile ya maoni, ambayo hakuna anayeisoma. Kuna fomu niliyoiona ambayo msimamizi alikuwa ameandika pale, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba taa zilizima na wakahesabu kwa tochi. Habari kama hiyo hutaipata kwenye tarakimu kubwa za runinga.

Mengine ya haraka: picha iliyokatwa pembeni usiihukumu, tafuta nzima. Muhuri uliokanyaga tarakimu, tumia jumla. Tarakimu iliyofutwa na kuandikwa upya, angalia kama msimamizi ameweka sahihi kando.

Hesabu kona yako, usihesabu nchi

Kujumlisha nchi nzima ukiwa sebuleni ni kazi ya kukupoteza. Chukua wadi moja. Msimamizi anatakiwa abandike nakala ya fomu mlangoni pa kituo au mahali pa matangazo pale pale, kwa hiyo hata tovuti ikilala, karatasi iko ukutani. Piga picha yake, nambari yote ionekane. (Kura yako mwenyewe ndani ya kibanda usiipige picha. Hilo ni kosa la jinai.)

Tafuteni watu wachache mnaoaminiana, na ikiwezekana mchanganye waliompigia huyu na waliompigia yule. Huo mchanganyiko ni bora kuliko programu yoyote ya kompyuta, maana kila mmoja anamkodolea macho mwenzake. Mmoja asome tarakimu kwa sauti, wa pili aandike kwenye jedwali, wa tatu atazame jumla. Safu moja kwa kila nambari ya kituo, na mwishoni safu ya "imekubali" au "ina shida". Zenye shida msizifute. Ziacheni zionekane.

Kisha ngojeni Fomu 34B. Hii inatoka kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge, na inaorodhesha kila kituo mstari kwa mstari. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 2017, katika kesi ya Maina Kiai, matokeo yanayotangazwa kwenye eneobunge ndiyo ya mwisho kwa eneobunge hilo. Kituo cha taifa kinayajumlisha na kuyahakiki, hakina ruhusa ya kuyabadilisha. Kwa hiyo mahali pa kukamata kosa ni pale 34A inapogeuka kuwa mstari ndani ya 34B. Chukua jedwali lenu, shuka nalo sambamba na 34B. Zikilingana wadi nzima, umeshajua kitu kimoja kwa hakika, na hukukipewa na mtu. Zisipolingana, unayo nambari ya kituo, unazo picha mbili, na unaweza kwenda kwa wakala wa chama au kwa mwanahabari na ukasikilizwa. Nani atakataa kusikiliza mtu mwenye karatasi mbili?

Fomu ya mwisho, 34C, ndiyo ya taifa, na tume ina siku saba tangu kura kupigwa kutangaza rais. Siku ya tatu bila mshindi si dalili ya wizi. Iko ndani ya katiba.

Runinga ikiwaka, iulize hivi

Fomu ngapi kati ya ngapi? Kutoka kaunti gani? Zimechukuliwa kwa mpangilio gani? Nani amekagua kilichoandikwa? Mara ya mwisho kubadilishwa ni saa ngapi? Kituo kinachojibu maswali haya kwenye skrini, hata kama mgombea wako ameachwa nyuma, kiache kiendelee kuwaka. Kisichojibu hata moja, zima sauti utazame tu hali ya barabara.

Linganisha pia taarifa ya saa moja jioni, ya Kiswahili, na ile ya saa tatu usiku ya Kiingereza katika kituo kile kile. Tarakimu zikiwa zimerudi nyuma katikati, kuna mtu aligundua kosa akalirekebisha. Kurekebisha ni jambo jema. Kurekebisha kimya kimya ndiko kunakoniudhi.

Asilimia nazo zina mitego yake. Asilimia ya urais hupigwa kwa kura halali pekee. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 2013. Mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya hizo, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Kituo kinachopiga kelele "amevuka hamsini" bila kutaja kaunti kinakupa nusu ya sharti. Na 2022 niliulizwa sana kuhusu asilimia za mwisho: 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, ambazo zikijumlishwa zinafika 100.01. Mteja mmoja alikuwa na hakika kwamba hiyo 0.01 ndiyo kura zilizoibwa. Ni kukadiria tu. Kila asilimia imefupishwa hadi tarakimu mbili, nyingine zikapandishwa kidogo. Chukua kura zenyewe ugawanye kwenye kikokotoo cha simu, utaona.

Kura za maoni zinazotangulia uchaguzi sitazichambua hapa. Sheria yake ya 2012 inataka anayezichapisha atangaze nani alilipia, wangapi waliulizwa, na kiwango cha makosa. Visipotajwa hivyo, pita.

Kadi yenye nembo

Siku za kura kadi za bandia, zile picha zenye habari zinazosambazwa kwenye simu, hutembea kuliko boda. Ina nembo ya kituo kikubwa, rangi zile zile, picha ya mtangazaji, na maneno ambayo kituo hicho hakijawahi kusema. Usimpigie anayekutumia kelele. Fungua ukurasa wa kituo chenyewe utafute kadi hiyo hiyo. Isipokuwepo, mjibu kwa kumtumia kiungo cha ukurasa halisi, basi. Angalia herufi pia: bandia nyingi hutumia mwandiko ambao si wa kituo, na tarehe huwa haipo. Africa Check na PesaCheck wote wanafanya kazi hapa Nairobi na huchapisha uchunguzi wa kadi kama hizi. Tafuta kabla ya kusambaza.

Jua mwenye nyumba

Kila kituo kina mwenyewe, na mwenyewe ana marafiki. Citizen na redio zake ni za Royal Media ya S.K. Macharia. Nation ilianzishwa na Aga Khan. Standard imehusishwa kwa miaka mingi na familia ya marehemu rais Moi, na Mediamax, wenye K24 na Kameme, na familia ya Kenyatta. KBC ni ya serikali. Ongeza kwamba serikali ni mteja mkubwa wa matangazo ya biashara, na mteja mkubwa akikunja uso kila mtu ofisini anamwona.

Wengine wakishajua hayo wanatupa gazeti. Mimi ninalisoma nikijua. Habari ambayo inamuumiza rafiki wa mwenye gazeti na bado imechapwa, hiyo naipa uzito mara mbili. Habari inayomfurahisha, natafuta gazeti la pili. Pale bustani ya Jeevanjee, kwenye baraza la mabishano liitwalo Bunge la Mwananchi, wazee hufanya hivyo kila siku bila kufundishwa: gazeti moja linazunguka, mwingine anasema lile lingine limeandikaje, mabishano yanaanza. Na bustani yenyewe ina jina la A.M. Jeevanjee, ambaye mwaka 1902 ndiye aliyeanzisha gazeti huko Mombasa lililokuja kuwa Standard. Sijui kama wabunge wale wanamkumbuka.

Msimchanganye mwenye kituo na ripota. Aliyelala Bomas kwenye kiti cha plastiki wiki nzima, au aliyepigwa gesi Kondele, Kisumu, akishikilia kamera, hakuamua skrini iandike nini.

Wakizima

Imetokea, kwa hiyo jiandae. Desemba 30, 2007, waziri John Michuki alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Januari 30, 2018, siku Raila alipojiapisha Uhuru Park, vituo vikubwa vilizimwa, na baadhi vikakaa gizani hata baada ya korti kuagiza virudishwe. Juni 25, 2025, mamlaka ya mawasiliano iliamuru matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome, mitambo ikazimwa, korti ikasimamisha amri hiyo. Kuwa na redio ndogo ya betri. Pakua fomu za wadi yako mapema uzihifadhi kwenye simu na mahali pengine pawili. Picha ya mlangoni haihitaji mtandao.

Wakikosea, wapeleke

Wengi hulalamika X na kuishia hapo. Kuna Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, na ndani yake Tume ya Malalamiko iliyowekwa na sheria ya 2013. Unaandika mwenyewe, hauhitaji wakili. Kabla ya hapo mwandikie mhariri, maana swali la kwanza utakaloulizwa ni kama alipewa nafasi ya kurekebisha. Kama habari ya uongo inakuhusu wewe binafsi, kifungu cha 35 cha katiba kinakupa haki ya kutaka irekebishwe au ifutwe.

Barua iwe fupi. Jina la kituo, kipindi, tarehe, saa na dakika. Walichosema, neno kwa neno. Karatasi inayoonyesha kinyume, na nambari yake ya tarakimu 15. Ambatisha video uliyorekodi kwenye simu, usitegemee kwamba itabaki mtandaoni. Matusi toa yote. Nimeshawachapia watu barua zenye kurasa tatu za hasira na sentensi moja ya ushahidi, na nikawaambia wabakishe hiyo sentensi. Mwishoni sema unachotaka. Mimi huwashauri waombe marekebisho yasomwe katika taarifa ile ile iliyokosea, saa ile ile, na yataje idadi ya fomu. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa.